Kutoka Baiskeli Hadi Karavani: Historia ya Chama cha Wapiga Kambi cha Uingereza

Chama cha wapiga kambi kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote duniani kilianzishwa Uingereza mwaka 1901. Mwasisi wake, Thomas Hiram Holding, alikuwa fundi cherehani wa London ambaye maisha ya hemani aliyaonja tangu utotoni. Mwaka 1853, akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alipelekwa Marekani na wazazi wake. Huko walikaa kambini na watu wapatao 300 kando ya mto Mississippi, kabla msafara wao wa magari ya kukokotwa haujashika njia ya nyika kuelekea magharibi. Utu uzimani alisafiri na hema lake kwa mtumbwi katika maji ya Scotland, kisha akahamia kwenye baiskeli.

Baiskeli ndiyo iliyozaa chama. Zamani, kulala hemani kulikuwa kazi ya askari, wapelelezi wa nchi za mbali na watu wa kuhamahama, na mizigo yao ilibebwa na wanyama au wapagazi. Mwaka 1885 ilipoanza kuuzwa baiskeli ya magurudumu mawili yaliyolingana, na mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipobuni tairi lake la upepo, karani au fundi wa mjini aliweza kutoka Jumamosi na kurudi Jumapili jioni bila kutegemea treni wala farasi. Kilichobaki kumkwaza ni uzito wa mzigo.

Hapo ufundi wa Holding ulifaa. Badala ya turubai zito la kijeshi, alishona mahema madogo ya kitambaa chepesi, likiwemo la hariri, yaliyosimamishwa kwa nguzo nyembamba zinazochomekana. Hema likikunjwa pamoja na vigingi na kamba zake lilitosha kufungwa kwenye baiskeli. Jikoni ilisaidia stovu ya Primus, iliyobuniwa Sweden na Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892. Mafuta ya taa yalisukumwa kwa pampu, yakageuka mvuke kwa joto la kichomeo na kuwaka bila utambi wala masizi. Faida yake ilizidi ile ya kuchemsha chai haraka: mpiga kambi mwenye stovu hakuwa na sababu ya kukata miti ya uzio wa mkulima wala kuacha majivu katika malisho ya ng'ombe.

Mwaka 1897 Holding na wenzake walizunguka Connemara, magharibi ya Ireland, kwa baiskeli. Safari hiyo aliisimulia katika kitabu Cycle and Camp in Connemara cha mwaka 1898, akawaalika wasomaji waliovutiwa wawasiliane naye. Mwitikio huo ndio uliozaa Umoja wa Wapiga Kambi wa Baiskeli, na Agosti 1901 watu sita wakapiga kambi ya kwanza ya umoja huo huko Wantage. Mwaka 1906 umoja ulifungua kiwanja chake wenyewe Weybridge, kusini magharibi ya London, ukiwa tayari na mamia ya wanachama. Miaka miwili baadaye Holding alitoa The Camper's Handbook, mwongozo mnene uliowafundisha wanaoanza.

Mwaka 1910 umoja uliungana na chama kingine cha namna hiyo, na baiskeli ikaacha kuwa sharti la kujiunga. Miongoni mwa marais wake wa mwanzo alikuwa Robert Falcon Scott, mpelelezi aliyefia Antaktika mwaka 1912 akirudi kutoka Ncha ya Kusini. Vita Kuu ya Kwanza vilidumaza shughuli, lakini mwaka 1919 urais ulishikwa na Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, ambaye baadaye alihamia Kenya na kuzikwa Nyeri mwaka 1941. Jina lake liliwavuta vijana na familia.

Kati ya vita viwili magari madogo yalishuka bei. Mzigo ukaongezeka: meza, viti, vitanda vya kukunja, hatimaye karavani, yaani nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari. Wenye mahema mepesi na wenye karavani hawakuwa na mahitaji sawa, na chama kingeweza kuvunjika. Kiliepuka hilo kwa kuunda vitengo ndani yake, kama vile vya mitumbwi, milima, mahema mepesi na karavani, pamoja na matawi ya wilaya. Mwaka 1932 likaundwa shirikisho la kimataifa la vyama vya aina hii.

Idadi ya wapiga kambi ilipokua, malalamiko ya uchafu na vyoo yaliongezeka. Sheria ya Afya ya Umma ya 1936 iliweka leseni kwa viwanja vya kambi, ila vyama vilivyothibitika kuwasimamia vyema wanachama wao viliweza kupewa msamaha. Sheria ya mwaka 1960 kuhusu viwanja vya karavani iliendeleza utaratibu huo: chama chenye msamaha kinaweza kumpa mkulima cheti cha kupokea karavani zisizozidi tano za wanachama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya viwanja vya chama hadi leo ni vipande vidogo vya mashamba ya watu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mgawo wa petroli ulipokwisha mwaka 1950, karavani zilienea kwa kasi, na mwaka 1983 chama kikakubali hali hiyo kwa kuitwa The Camping and Caravanning Club. Makao yake yako Coventry, na wanachama wake wamefika laki kadhaa.

Chama hiki kimedumu kwa mambo mawili: kumpokea kila mwenye chombo kipya cha safari bila kumfukuza mwenye cha zamani, na kulinda imani ya mwenye shamba. Hilo la pili ndilo kubwa zaidi, kwani mpiga kambi hulala katika ardhi ya mtu mwingine, na akiiacha chafu hataruhusiwa kurudi.