Usifungue mlango ambao si wewe uliyeufunga: historia fupi ya mkatizo katika kompyuta

Wengi wetu tuko na telefoni ya Android mkononi. Ndani yake iko Linux, na ndani ya Linux iko historia moja inayotufaa hata sisi watu wa agronomia.

Mkatizo ni alama ambayo kifaa kinatuma kwa prosesa: acha kazi kidogo, niangalie. Ukigusa kioo cha telefoni, mkatizo unatokea. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kule Uholanzi, wajenzi wa kompyuta X1 walitaka kuutia ndani ya mashini yao. Edsger Dijkstra, mwandishi wa programu zake, aliogopa. Kosa linaloletwa na mkatizo ulioingia wakati mbaya, ukilitafuta kesho halionekani tena. Mwishowe alikubali, na kazi hiyo ikaingia katika tezi yake ya udaktari mwaka 1959. Kanuni ikabaki: anayekatiza arudishe kila kitu kama alivyokikuta.

Sasa, programu ikitaka kungoja kidogo inafanya nini? Zamani ilihesabu mizunguko mitupu. Turbo Pascal 7, ya mwaka 1992, ilihesabu mizunguko ya pigo moja la saa, milisekunde 55, halafu ikagawanya kwa 55. Jibu halikupaswa kupita 65,535. Prosesa za megahezi 200 hivi zilipofika, jibu likapita, programu zikakufa na kosa namba 200 kabla hata ya kuanza. Ni kama kupima foufou kwa kuhesabu tu mara unazokoroga: mwenye mkono mwepesi anaipua mbichi.

Njia bora ni kusoma saa yenyewe. Lakini kwenye PC za zamani hesabu ya saa ilisomwa vipande viwili. Mkatizo ukiingia katikati, vipande vinaweza kuchanganyika. Basi unafunga mikatizo, unasoma, unafungua. Mtego uko hapo kwenye kufungua. Labda aliyekuita alikuwa ameshafunga, juu anarekebisha orodha fulani. Ukifungua ovyo, mkatizo unaingia na orodha inaharibika. Ndiyo maana Linux inaandika kwanza hali ya mlango, inafunga, halafu inaurudisha ulivyokuwa. Tena haikawii: kwenye PC za zamani, ukifunga muda mrefu, mapigo yaliweza kupotea na saa ikabaki nyuma.

Wenye kusoma informatiki pale Bunia, siku mtakapoandika drayva, msifungue mlango kabla ya kujua nani aliufunga.