Bawabu wa Barua katika Nchi ya Waha

Muyama ni kata ya vilima katika nchi ya Waha, ambayo ilihesabiwa katika Wilaya ya Kasulu mpaka Wilaya ya Buhigwe ilipozaliwa mwaka 2012. Mpaka wa Burundi hauko mbali nayo, na njia zake za biashara na za ujamaa huelekea Kasulu na Kibondo. Nchi hii imepokea wakimbizi mara nyingi: Warundi mwaka 1972, tena kwa maelfu baada ya Oktoba 1993, na Wakongo waliofunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996. Palipo wakimbizi pana watu waliopotezana, na hapo barua huwa na thamani ambayo mtu aliyetulia kwake ni taabu kuikisia. Kwa hiyo atakaye kuieleza historia ya yule bawabu mpya wa barua, yaani lango la kuchujia barua taka linalowekwa mbele ya seva ya barua pepe, aweza kusimama katika vilima hivi akaona mengi ambayo wenye miji mikubwa hawayaoni.

Bawabu wa kwanza alikuwa binadamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ya Geneva ilipitisha baina ya nchi zilizokuwa zikipigana karatasi zisizozidi maneno 25, zenye habari za jamaa tu. Desturi hiyo ilidumu, ingawa hesabu ya maneno ililegezwa baadaye, nayo ndiyo iliyofika katika makambi ya Kasulu na Kibondo katika miaka ya 1990. Mwandishi hakufunga bahasha. Aliandika kwamba mama yu hai, mtoto amezaliwa, ndugu fulani anatafutwa. Habari za majeshi na za siasa hazikuruhusiwa, na karatasi ilisomwa kabla ya kusafirishwa ili kuyahakikisha hayo. Yakini si jambo jepesi mtu kusomewa barua yake na mgeni. Walakini chujio lile lilikuwa na sifa mbili ambazo hatuna budi kuzikumbuka mbele ya safari. Liliyapima yaliyoandikwa, wala halikumhukumu mwandishi kwa mahali alipotoka. Na karatasi isiyompata mwenyewe ilirudishwa kwa aliyeipeleka. Mtu alingoja, pengine miezi, lakini mwisho alipata jibu, hata kama jibu lenyewe lilikuwa kwamba ndugu hakuonekana.

Sifa hii ya pili ilikuwamo pia katika kanuni za barua pepe zilizoandikwa na Jon Postel mwaka 1982. Seva moja hubisha hodi kwa nyingine, nayo hujibiwa kwa namba: 250 maana yake nimepokea, 450 maana yake rudi baadaye, 550 maana yake siipokei. Seva iliyokwisha kusema 250 imejitwika mzigo: ama iifikishe barua, ama impe taarifa aliyeipeleka. Kanuni hiyo ilitungwa na watu walioaminiana, ijapokuwa dalili za uharibifu zilikwisha kuonekana. Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyabiashara wa kampuni ya Digital Equipment, alikuwa amewapelekea watu karibu 400 tangazo la kompyuta ambalo hawakuliomba. Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, wakamwaga tangazo lao katika maelfu ya mabaraza ya Usenet, wakiuza msaada wa kuingia katika bahati nasibu ya kibali cha kuishi Marekani. Ni ajabu kidogo kwamba bidhaa iliyoufungua mlango wa barua taka ilikuwa tumaini la mhamiaji.

Katika Afrika ya Mashariki barua pepe ilikuja kwa njia ya simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa ESANET, uliokuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Nairobi, uliwaunganisha watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe. Kompyuta zilipigiana simu, zikapeana furushi la barua, zikaagana. Kila dakika ililipiwa, basi upuzi ulikuwa ghali.

Intaneti kamili ilipoingia, gharama ya upuzi ilihama kwa mpelekaji ikamwangukia mpokeaji, na ulinzi ukawa lazima. Mwaka 1997 Paul Vixie alieneza orodha ya anwani za namba za kompyuta zilizojulikana kwa kutoa barua taka. Mwaka 1998 Steve Linford akaanzisha Spamhaus kwa kazi kama hiyo. Wazo lao lilikuwa rahisi: kabla ya kuifungua barua, itazame nyumba inakotoka, na kama nyumba ina sifa mbaya, ikatae. Njia hii ni ya haraka, huokoa umeme na nafasi, nayo yastahili sifa, kwa maana bila ya orodha hizo barua pepe ingalizama katika taka. Lakini ilikuwa imeiacha ile sifa ya kwanza ya karatasi za makambini. Kabla waya wa SEACOM haujafika Dar es Salaam Julai 2009, mawasiliano ya Tanzania na dunia katika intaneti yalitegemea satelaiti, na watu wengi walitoka nje kwa anwani moja ya pamoja. Ikitokea kompyuta moja katika duka la intaneti kushikwa na virusi vya kupeleka taka, anwani ile yote huandikwa orodhani, na barua ya mganga na ya mwalimu wanaotumia njia hiyo hukataliwa pamoja na ya mkosaji ambaye hawajapata kumwona.

Wataalamu waliona kasoro hiyo, wakarudi kwenye kusoma. Mwaka 2001 Justin Mason wa Ireland alitoa programu ya SpamAssassin, ambayo huipa barua alama kwa kila dalili mbaya. Ikifika alama 5 kwa kipimo chake cha kawaida, barua huhesabiwa kuwa taka. Mwaka 2002 Paul Graham alieneza njia ya kuifundisha mashine kwa hesabu za uwezekano: mpe taka nyingi na barua njema nyingi, nayo itajifunza maneno ya kila upande. Ni njia nzuri, ila mwanafunzi hujua alichofundishwa tu. Chujio lililolelewa kwa Kiingereza halina kumbukumbu yo yote ya maneno ambayo Mha humsalimia nduguye. SpamAssassin ina kifaa cha kukisia lugha ya barua na kuiongezea alama lugha ambayo msimamizi hakuiruhusu. Kiswahili kimo katika lugha za kifaa hicho. Kiha na Kirundi havimo, hivyo barua ya Kirundi huweza kudhaniwa kuwa ya lugha nyingine kabisa. Msimamizi wa seva katika Kasulu hana budi kukizima, kisha alifundishe chujio lake kwa barua za watu wake mwenyewe.

Mwaka 2003 Evan Harris alileta hila nyingine: lango humwambia mgeni 450, rudi baadaye. Mtupa taka aghalabu harudi, lakini seva ya kweli huiweka barua foleni ikajaribu tena, kwa desturi hata siku nne au tano. Kwa miaka mingi umeme wa Kasulu na Kibondo ulitoka katika majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, na seva iliyoambiwa irudi baada ya dakika chache pengine ilikuwa imekwisha kuzimwa. Barua ilichelewa, lakini haikupotea.

Kisha zikaja hati za utambulisho. SPF iliwekwa katika kanuni mwaka 2006: mwenye jina la kikoa hutangaza seva zipi zina ruhusa ya kupeleka barua kwa jina lake. DKIM ikafuata mwaka 2007 kwa kuitia barua sahihi isiyoigika. Mwaka huo wa 2015 ambapo DMARC iliunganisha hizo mbili, Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo kifungu chake cha 20 kinagusa ujumbe usioombwa pamoja na ughushi wa maelezo ya mpelekaji. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo huwataka wapelekaji wote wawe na walau SPF au DKIM. Hati hizi zina haki ndani yake, kwa kuwa mtu mdogo aweza kuzipata bila malipo. Azikosaye hukosa kwa kutokuambiwa.

Kosa lililo kubwa kuliko yote lilizaliwa na nia njema. Watupa taka walighushi majina ya wapelekaji, hata taarifa za kurudisha barua zikawa zinawaangukia watu wasio na hatia, nazo zenyewe zikawa taka. Wasimamizi wengi wakaziamuru seva zao zinyamaze: zipokee kwa 250, zichunguze baadaye, na zikidhani ni taka, zitupe bila neno. Ndipo sifa ya pili nayo ikaondoka. Mpelekaji ameambiwa imepokewa. Mpokeaji hajui kwamba ameandikiwa. Na mtu wa tatu ajuaye hayupo.

Dawa yake inajulikana, nayo si ghali. Uchunguzi wote, wa orodha, wa sahihi na wa maneno, hufanywa wakati mgeni angali mlangoni, kabla ya kusema 250. Barua isiyotakiwa hujibiwa 550 pamoja na sababu, na ni seva ya mpelekaji mwenyewe itakayompa habari, hivyo hakuna asiyehusika anayesumbuliwa. Zile zenye shaka, zilizokaribia alama 5 bila kuzifikia, hufikishwa zikiwa na alama ya onyo. Kazi hii huongeza mzigo wa mashine, na ndiyo sababu wengine huikwepa. Penye lango la namba hiyo, mwuguzi wa Kibondo ambaye barua yake imekataliwa hupata jibu siku ile ile, akapiga simu au akatafuta njia nyingine. Penye lango la kimya hukaa akingoja, akidhani kwamba aliyemwandikia hakutaka kumjibu.