Mganga wa Busanza na Mganga wa Pwani: Neno Moja, Njia Mbili

Katika toleo hili tunapenda kuliangalia neno moja ambalo limetuaibisha kidogo sisi walimu.

Mwanafunzi wetu mmoja anayeishi Busanza, katika umurenge wa Kanombe, wilayani Kicukiro, aliandika katika insha yake: "Mama aliumwa usiku, na asubuhi tukampeleka kwa mganga." Mmoja wetu, aliyesomea pwani, alilipigia neno mganga mstari mwekundu na kuandika pembeni kwamba mambo ya ramli hayafai katika insha ya afya. Kijana alishangaa. Mama yake alikuwa amepelekwa katika hospitali ya jeshi iliyoko Kanombe, akapimwa damu na kupewa vidonge. Alama zake zimekwisha rudishwa. Hata hivyo, tuliona ni haki tujiulize: ni nani hasa aliyekosea?

Ndugu wa damu

Kwa umbo, Kinyarwanda umuganga na Kiswahili mganga ni neno lile lile. Kiambishi umu- cha Kinyarwanda ndicho m- cha Kiswahili, na aba- ndicho wa-: abaganga, waganga. Kazi yenyewe huitwa ubuganga kwa Kinyarwanda na uganga kwa Kiswahili, kwa kuwa bu- ya huku ni u- ya pwani. Ni bu- hiyo hiyo tunayoikuta katika majina ya mahali kama Busanza na Bugesera, kama vile u- ilivyo katika Ugogo na Unyamwezi.

Wanaisimu wanaolinganisha lugha za Kibantu wamelirejesha shina hili kuwa *-ganga, na watoto wake wameenea mbali. Washona wa Zimbabwe wanasema n'anga, Wachewa wa Malawi sing'anga, na Wakongo nganga. Wamisionari wa Kireno walipofika katika ufalme wa Kongo mwaka 1491, neno nganga lilikuja kutumika hata kwa mapadri wao. Watumwa walilivusha bahari, na nchini Cuba nganga ni jina la chungu kitakatifu cha ibada zenye asili ya Kongo.

Kiswahili kimehifadhi pia kitenzi kuganga. Kamusi hukipa maana mbili: kufunga pamoja kitu kilichovunjika, na kutibu. Ndiyo maana wahenga walisema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Njia zilipoachana

Pwani, mganga alipata majirani wawili. Waarabu walileta tabibu, na baadaye likaja neno daktari kutoka Ulaya. Daktari alipochukua hospitali, mganga alibakiwa na miti shamba, hirizi na ramli. Sheria za kikoloni dhidi ya uchawi, ya Kenya ya mwaka 1925 na ya Tanganyika ya mwaka 1928, ziliongeza giza, kwa sababu macho ya watawala hayakutofautisha vizuri mganga na mchawi, ilhali kwa Mswahili mmoja hutibu na mwingine huroga. Leo nguzo za umeme za Nairobi hubandikwa matangazo ya waganga wa mapenzi na biashara, na mwaka 2015 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino.

Huku kwetu mambo yalikwenda kinyume. Nchini Rwanda na Burundi umuganga ni mtu wa hospitali. Anayepiga ramli ni umupfumu, na kitendo chake ni kuragura. Hapa pia kuna undugu uliojificha: Kiswahili kina kuagua, neno lile lile baada ya kupoteza sauti l zilizokuwa kati ya irabu, na Waganda wanasema okulagula. Ukivuka Ziwa Kivu hadi Bukavu, utasikia Kiswahili cha Kongo kikimwita daktari munganga. Kilingala kimegawa kazi waziwazi: monganga ni wa hospitali, nganga ni wa kienyeji.

Je, umuganga wa Rwanda ni urithi wa kale au mkopo kutoka Kiswahili? Kwa sauti peke yake swali halijibiki, kwa kuwa g ya lugha hizi mbili hulingana. Lakini kuna dalili. Kinyarwanda hutumia kuvura kwa kutibu na umuvuzi kwa mwenye kutibu. Jina umuganga limesimama peke yake bila kitenzi chake. Aidha, Kiswahili kilitumika katika utawala wa Wajerumani uliokoma hapa mwaka 1916, na kimetuachia maneno kama igitabo, isoko na umwarimu. Kwa maoni yetu, dalili hizi zinaelekea upande wa mkopo: neno lilikuja pamoja na zahanati, likabaki na maana ya zahanati.

Tusahihishe vipi?

Mwalimu wa pwani asicheke haraka. Tanzania yenyewe, hadi leo, ina Mganga Mkuu wa Serikali na Mganga Mkuu wa Mkoa, nao ni madaktari wa shahada. Maana ya Busanza basi si kosa. Ni maana ambayo Kiswahili sanifu kinayo, ila mitaani imefunikwa na nyingine.

Jambo hili si la insha tu. Muuguzi wa Mombasa akimuuliza mgonjwa kutoka Bukavu, "Umekwisha kwenda kwa mganga?", jibu la "ndiyo" litaandikwa dawa za kienyeji, kumbe mgonjwa anameza vidonge vya hospitali. Kosa la namna hiyo haliponyi mtu.

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wanafunzi wetu wataandikia wasomaji wa nchi nyingi. Kwa hiyo tunawashauri waandike daktari wanapokusudia hospitali, na waongeze wa kienyeji au wa tiba asili wanapokusudia yule mwingine. Sisi walimu nasi tuulize kabla ya kuchukua kalamu nyekundu. Wahenga walisema mganga hajigangi. Safari hii aliyetuganga ni mwanafunzi wetu.