Kanda na santuri za Gusii: Zipi zihifadhiwe, zipi ziachwe

KATIKA nyumba nyingi za kaunti za Kisii na Nyamira mna sanduku ambalo hakuna anayelifungua tena. Ndani mna kanda za kaseti, santuri na CD zilizokwaruzika. Redio-kaseti iliyozicheza iliharibika kitambo. Mwenyewe akifariki, warithi hugawana shamba na ng'ombe, nalo sanduku huchomwa pamoja na takataka. Tangu muziki uanze kupatikana kwa simu (Spotify iliingia Kenya Februari 2021, YouTube ikiwa imetangulia kwa miaka mingi), wengi huona hapana hasara. Dhana hiyo ni sahihi kwa baadhi ya vitu vilivyomo, na ni kosa kubwa kwa vingine.

La kwanza, basi, ni kutenganisha rekodi za kiwandani na zile zilizonaswa na watu binafsi. Santuri ya marehemu Christopher Monyoncho na bendi yake ya Kebaso ilichapwa kwa ajili ya kuuzwa. Nakala ikivunjika Keroka, huenda nyingine ingalipo Nakuru. Kadhalika santuri za benga zilizotolewa na Chandarana mjini Kericho, zenye wimbo mmoja uliogawanywa sehemu mbili, upande huu na huu. Lakini kanda aliyonasa ami arusini, matangani au siku mzee wa boma alipopiga obokano, ile ala kubwa ya Abagusii yenye nyuzi nane, haina ya pili duniani. Ikipotea, hakuna mtandao utakaoirejesha. Ndiyo ya kushughulikiwa mbele, hata kama sauti ni hafifu na majogoo yanasikika yakiwika.

Thamani ya rekodi za aina hiyo ilidhihirika kwa majirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet. Rekodi hizo zikakaa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilirudishwa Kapkatet, na jamaa za waimbaji wakazisikiliza. Zingekuwa zimeachwa darini mwa nyumba, pasingekuwa na cha kurudisha.

Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku, na adui yake mkubwa ni unyevu. Katika milima ya Gusii, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kuvu hujipenyeza hadi ndani ya kasha. Kanda yenye kuvu isichezwe kabla ya kusafishwa na fundi, kwani huchafua mashine na kuziambukiza nyingine. Zilizo nzima zisimamishwe wima mahali pakavu, mbali na moshi wa jikoni na mbali na spika, ambazo zina sumaku. Utepe uliolegea hukazwa kwa penseli, kama ilivyokuwa desturi. Vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kanda vivunjwe, ili mtu asije akarekodi mahubiri juu ya sauti ya nyanya yake.

Kuhamisha sauti hadi kwenye kompyuta hakufai kuahirishwa. Mwaka 2019 Unesco ilishirikiana na wataalamu wa hifadhi za sauti kuonya kwamba kufikia takriban mwaka 2025 kanda nyingi za sumaku huenda zisichezeke tena, kwa vile mashine na vipuri vinaadimika. Mwaka huo umeshafika.

Faili ihifadhiwe kwa muundo wa WAV. MP3 hupunguza sehemu ya sauti, na inatosha kwa kutumiana kwenye simu tu. Kwa kiwango kinachopendekezwa na watunzaji wa sauti, yaani biti 24 na kilohezi 96, kanda ya dakika 60 huchukua takriban gigabaiti mbili. Kanda 100 zaenea kwenye diski moja ya bei ya wastani. Ziwe diski mbili, moja ibaki nyumbani na nyingine ikae kwa mtoto aliye Nairobi.

Kazi inayosahaulika zaidi ni ya kalamu. Nani anaimba? Wapi, mwaka gani, kwenye shughuli ya nani? Majibu hayo wanayo wazee, si kompyuta, na faili isiyo na jina ni sawa na mzigo usio na mwenyewe. Wazee waulizwe wangali hai.

Kununua kanda hakumpi mtu umiliki wa wimbo. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, wimbo hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na rekodi ya sauti kwa miaka 50. Anayetaka kuuweka wimbo wa mwingine mtandaoni hana budi kutafuta idhini ya mwenyewe au warithi wake.

Baada ya kunakiliwa, kanda asilia zisitupwe. Mitambo ya kesho huenda ikatoa sauti bora kuliko ya leo. Asiye na nafasi aweza kuulizia Idara ya Nyaraka za Kitaifa, au Ketebul Music ya Nairobi, shirika ambalo tangu 2007 limekuwa likikusanya muziki wa zamani wa Kenya. Makubaliano yaandikwe: nani atausikiliza, nani atautumia, na familia itabaki na nakala ipi. Santuri za kawaida zaweza kuuzwa. Wapo wanunuzi wa santuri kuukuu katika Soko la Kenyatta jijini Nairobi. Muuzaji anakili kwanza maandishi ya kibandiko cha katikati, maana humo ndimo mlimo jina la mtunzi na nambari ya rekodi.