Carina: motokari iliyoachwa Japani mwaka 2001 na bado inapakia watu Kasindi

Mtu anayetoka Uganda kwa njia ya Mpondwe, akivuka daraja la mto Lubiriha na kuingia Kasindi, anabadilisha mambo matatu kwa dakika chache. Shilingi inakuwa franga. Saa inarudi nyuma kwa saa moja. Na motokari zilizokuwa zinatembea upande wa kushoto zinahamia kuume, maana Waingereza waliachia Uganda desturi yao na Wabelgiji wakaachia Kongo ya kwao. Jambo moja tu linabaki pale lilipokuwa: volani.

Kwa wakaaji wa Beni na Butembo, historia ya Toyota Carina inaanza pale kwenye daraja. Kwa Toyota yenyewe ilianza mbali zaidi, Desemba 1970, wakati kampuni hiyo ilipotoa motokari mbili kwa pamoja juu ya chasi ya namna moja. Celica ilikuwa ya kijana anayependa mbio. Carina ilikuwa ya mtu mwenye bibi na watoto, mwenye mshahara wa wastani, asiyetaka motokari ndogo mno wala ya kifahari. Jina lake ni la Kilatini, limetolewa kwenye kundi moja la nyota za kusini, na maana yake ni mkuku, ule mti wa chini unaobeba merikebu yote. Jina hilo liliifaa kuliko waliolichagua walivyoweza kujua.

Vizazi saba vya Carina vilifuatana. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1984, ambapo nguvu ya injini ilihamishwa kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele. Tarehe 16 Desemba 1992, kiwanda kipya cha Toyota kule Burnaston, Uingereza, kilitoa motokari yake ya kwanza, nayo ilikuwa Carina E. Ile ya Ulaya ilikoma mwaka 1997, Avensis ikachukua nafasi yake. Ya Japani iliendelea hadi Desemba 2001, ikaachia nafasi Allion. Baada ya miaka 31, Carina mpya haikutengenezwa tena popote.

Lakini kwa Japani, motokari kuacha kutengenezwa ni jambo moja, na kuacha kutembea ni jambo lingine. Kule motokari ya familia inapelekwa kwenye ukaguzi wa serkali ikifikisha miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa feza nyingi. Ikipita miaka 13, kodi nayo inapanda. Kwa hiyo Mjapani anaiuza ingali nzima, si kwa sababu imeharibika bali kwa sababu kuitunza kunamlemea. Mnunuzi ni mfanyabiashara wa kuipeleka ng'ambo, mara nyingine kwa kupitia Dubai. Njia ya kufika kwetu inajulikana: Mombasa, Malaba, Kampala, Kasese, Mpondwe, halafu duane ya Kasindi.

Kinshasa ilikuwa na mlango wake mwingine. Motokari nyingi za mitumba ziliingia kule kupitia Matadi zikitoka Ulaya, volani ikiwa kushoto kama sheria ya barabara zetu inavyotaka. Nchi moja, milango miwili, na volani pande mbili.

Wafanyabiashara wa Butembo hawakungoja Carina ili wajifunze njia ya mashariki. Mtafiti Vwakyanakazi Mukohya, katika kitabu cha mwaka 1991 kilichoongozwa na Janet MacGaffey juu ya uchumi halisi wa Zaire, alieleza namna kahawa na zahabu za eneo hili zilivyotoka kwenda Uganda na Kenya, na bidhaa, pamoja na vyombo vya safari, zikarudi. Vita vya 1998 hadi 2003 vilikaza uzi huo. Eneo lilikuwa mikononi mwa RCD-K/ML pamoja na jeshi la Uganda, na Kampala ikawa karibu kuliko Kinshasa kwa kila kitu, hata kwa piesi za motokari.

Tena ni piesi zinazoeleza vizuri kwa nini Carina ilishika mizizi. Injini za Carina za miaka ya 1990, ile ya lita 1.5 na ile ya lita 1.8, ni za ukoo mmoja na injini za Corolla. Ndugu yake mwingine, Corona, ilikuwa karibu pacha wake; Toyota iliziuza katika maduka tofauti kule Japani, lakini makanisiye akilala chini ya hizo mbili haoni tofauti kubwa. Maana yake ni kwamba, siku Toyota ilipofunga ukurasa wa Carina, piesi hazikupotea sokoni. Tanzania na Burundi wengine waliacha hata jina, wakabaki na herufi mbili zilizobandikwa nyuma ya kizazi cha mwisho: TI.

Ilitengenezwa kwa watu watano. Kwenye barabara ya Kasindi mara nyingi hao watano ni wa kiti cha nyuma peke yake, ukihesabu watoto waliopakatwa, na mbele wawili wanabanana kwenye kiti kimoja kando ya shofere. Springi zinalala. Makanisiye anaweka vipande vya kuziinua, maana Carina ni fupi chini na mawe ni marefu. Mizigo inafungwa kwa kamba juu ya buti ambayo haifungiki.

Hatari kubwa zaidi haionekani ukiitazama imesimama. Shofere ambaye volani yake iko kuume kwenye barabara ya kutembelea kuume anakaa upande wa mtaro. Mbele yake kuna lori la mbao au la mafuta. Akitaka kulipita, hawezi kuona kinachokuja mpaka motokari karibu yote iwe imetoka katikati ya barabara. Abiria wa mbele ndiye anayeona kwanza. Ndiyo sababu utasikia shofere akimwuliza mtu asiyemjua kama njia ni nyeupe, na maisha ya watu wanane yakategemea jibu la mama aliyekuwa anasinzia. Kituoni, abiria huyo huyo anafungua mlango upande ambao motari wanapita.

Serkali iliona jambo hilo. Mwaka 2014 Kinshasa ilitangaza kwamba motokari za volani kuume hazitaruhusiwa tena kuingizwa nchini. Malalamiko yalitoka Kivu na Katanga, na yalikuwa na msingi: mashariki inanunua kwa majirani wanaotembea kushoto, na motokari za majirani hao zinatoka Japani, ambako pia wanatembea kushoto. Kuna wanaohamisha volani garajini, lakini kazi hiyo inagusa usukani, pedali na waya zote za mbele, na ikifanywa na mkono usiojua ni afadhali kuiacha pale ilipokuwa.

Mlango ulianza kufungwa kutoka upande mwingine. Kenya haipokei motokari ya mitumba iliyopita miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilikataza kuingiza zile zenye miaka 15 na zaidi. Carina ya mwisho kabisa ilikuwa imekwisha kupita umri huo. Tangu hapo Kampala haiwezi kupokea Carina kutoka Japani. Zilizopo ndizo hizo, zinazouzwa kutoka mkono hadi mkono. Nafasi yake imechukuliwa na Probox, Ist na Noah, na ndani ya miji yetu imechukuliwa hasa na motari, ambaye hangoji watu saba ndipo aondoke.

Juni 2021, marais Tshisekedi na Museveni walizindua pale mpakani kazi za barabara: kilometa 80 kutoka Kasindi hadi Beni, na 54 kutoka Beni hadi Butembo. Wasafiri waliifurahia, na walikuwa na haki. Kwa miaka mingi ni mashimo yaliyokuwa yanapunguza mbio za Carina. Kati ya shimo na shimo shofere hakupata nafasi ya kujaribu kupita lori kwa kasi. Pale lami ilipofika, nafasi hiyo anaipata. Injini ya lita 1.5 bado ina nguvu ya kutosha, na volani iko palepale kuume.