Tansio ya mimba na mafigo: historia yenye mama zetu hawakuambiwa

Mimi nilisoma agronomia, sio udaktari. Lakini mwaka jana mama mudogo alianza kuvimba uso na miguu, na dokta akasema mafigo yake yamechoka. Ile siku ndipo mama akakumbuka: ku mimba ya kwanza, zaidi ya miaka 20 iliyopita, tansio ya mudogo wake ilipanda mpaka akashikwa na kifafa cha mimba. Alizaa, tansio ikashuka, wakamwambia "umepona". Hakuna mwenye alimwomba arudi kupimwa. Nikajiuliza: mambo haya yalijulikana tangu lini?

Mwaka 1827, Richard Bright wa Guy's Hospital, London, alionyesha kwamba watu wengi wenye kuvimba mwili na kuwa na albumini ndani ya mkojo walikuwa na mafigo yenye kuharibika. Kipimo kilikuwa rahisi: mkojo ndani ya kijiko, juu ya mshumaa. Ukigandamana kama yai, kuna albumini.

Mwaka 1843, John Lever wa hospitali ileile alipima mkojo wa wanawake wenye kifafa cha mimba. Alikuta albumini. Lakini aliona pia kwamba kisha kuzaa inapungua na kuisha, kwa hiyo akasema huu sio ugonjwa wa Bright. Alisema kweli. Tatizo ni kwamba hapo watu wakazoea kufikiri: mama akizaa, mambo yamekwisha.

Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci, Mwitaliano, alitengeneza kitambaa cha kufunga mkononi kwa kupima tansio. Mwaka 1959, kule Chicago, Spargo na wenzake walitazama vipande vya figo kwa mikroskopu ya elektroni, wakaona chembe za ndani ya vichujio vya damu zimevimba. Nayo mara nyingi inapona kisha kuzaa. Leon Chesley naye, kule Marekani, alifuata kwa miaka mingi wanawake wenye walipata kifafa cha mimba kati ya 1931 na 1951. Kwa wale wa mimba ya kwanza, alikuta habari nzuri. Watu wakatulia tena.

Jibu lingine lilitoka Norway. Tangu 1967 ile nchi inaandika kila uzazi ndani ya rejista moja. Mwaka 2008, Vikse na wenzake waliangalia wanawake zaidi ya 570 000. Wenye walipata preeklampsia ku mimba ya kwanza walikuwa na hatari karibu mara 5 ya kufikia mafigo kufa kabisa. Tusiogopeshane: kati ya wote, wenye walifika pale hawakufika 500. Je, mimba inaumiza figo, ama inafunua figo lenye lilikuwa zaifu tangu mbele? Wataalamu bado wanajadiliana. Hata kwa mama mudogo, siwezi kuapa.

Lakini sisi wa agronomia tunajua: shamba likizaa vibaya msimu mmoja, unaandika ndani ya daftari, msimu wenye kufuata unapima udongo. Hausemi "mavuno yamepita, tusahau". Norway iliona juu iliandika. Kwetu, fishi ya CPN inapotea mtoto akianza kutembea.

Kwa hiyo, dada mwenye ulipata tansio ya mimba: chunga ile fishi. Miezi 3 kisha kuzaa, rudi wapime tansio, albumini na kreatinini. Kisha pima tansio kila mwaka. Kila dokta mpya, mwambie. Mimba nyingine ikija, anza CPN mapema, uulize kama aspirini kidogo inakufaa.

Na sisi wanaume, leo jioni tuulize mama zetu: "Wakati unatuzaa, tansio ilikuwa namna gani?" Kupima mkojo hakuna bei kubwa. Dialize, familia nyingi haziiwezi.