Gharama za kuasili mtoto kutoka nchi nyingine

Gharama za kuasili mtoto kutoka nchi nyingine ni fedha anazotumia mtu ili mtoto wa taifa jingine awe mwanawe kisheria. Nchini Tanzania kuasili kunaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza malipo au zawadi kwa ajili ya kumpata mtoto, isipokuwa yale yatakayoruhusiwa na mahakama. Fedha huenda kwa wakili, ada za mahakama, tafsiri za nyaraka, pasipoti, viza na nauli. Gharama nzito zaidi, ingawa haina stakabadhi, ni muda: mgeni hutakiwa awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, na kwanza amlee mtoto chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Kipindi chote hicho analipa pango, kibali cha ukaazi na matumizi ya nyumbani. Kwa mfano, kwa mtoto wa Mvumi, wilayani Chamwino, maombi hupelekwa Mahakama Kuu, yenye masjala jijini Dodoma. Tanzania si mwanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1993 kuhusu kuasili. Hivyo nchi ya mzazi hufuata utaratibu wake: Marekani, kwa mfano, huchunguza yenyewe uyatima wa mtoto kabla ya kutoa viza, kwa ada inayolipwa na mwombaji.